Simuleta ya Udereva na Umati wa Rumonge

Simuleta ya udereva ni mashine inayomfanya mtu aliyeketi mahali pamoja ahisi kwamba anaendesha gari, na katika muundo unaotumiwa siku hizi kwenye matamasha ya chapa, yaani hafla za hadhara ambazo kampuni huziandaa ili watu wakutane ana kwa ana na jina la bidhaa yake, mashine hiyo huwa na sehemu nne: kiti cha gari, usukani wenye mota ndani yake unaokuwa mzito au mwepesi kulingana na barabara, pedali za miguu, na miwani ya uhalisia pepe, ambayo ni kifaa cha kufunika macho chenye skrini mbele ya kila jicho na vihisi vinavyofuata mwendo wa kichwa, hata mvaaji akigeuka kushoto picha hugeuka pamoja naye, na akiinua uso huiona dari ya gari ambalo halipo. Wauzaji wa vifaa hivi huvieleza kwa kumtazama mtu mmoja tu, yule aliyevaa miwani, na vigezo wanavyovitaja ni ung'avu wa picha, kasi ya kompyuta na uhalisi wa mtikisiko. Hoja ya kumbukumbu hizi ni kwamba mafanikio ya simuleta hadharani huamuliwa na watu wengine kabisa, ambao kwa kawaida hakuna anayewapangia nafasi: umati uliosimama pembeni bila kuona kitu, na wenda kwa miguu ambao barabara ya ndani ya mashine haina habari nao. Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, na hasa mji wa Rumonge, una uzoefu mrefu na watu wa aina zote mbili.

Nasaba ya mashine hii inafahamika vizuri. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kuwafundishia marubani wakiwa chini, na mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani ambacho uzito wake ulilazimisha kining'inizwe kwenye dari. Kampuni ya Daimler-Benz ilifungua simuleta kubwa ya udereva mjini Berlin mwaka 1985, lakini hiyo ilikuwa maabara ya wahandisi, wala hakuna aliyefikiria kuisafirisha hadi kwenye tamasha. Lililobadilisha hesabu lilikuwa bei ya miwani: kampuni ya Oculus, iliyoanza kuchangisha fedha kutoka kwa umma mwaka 2012 na kununuliwa na Facebook mwaka 2014, ilianza kuuzia watu wa kawaida miwani yake mwaka 2016, na hata kabla ya hapo wafanyabiashara walikwisha kuichukua. Januari 2015, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Toyota iliwaketisha vijana ndani ya gari halisi lililosimama, ikawavisha miwani hiyo, kisha ikawaonyesha jinsi simu na kelele za marafiki zinavyomwondoa dereva akili barabarani; mwaka huohuo kampuni ya simu ya AT&T ilianza kuzungusha katika miji ya Marekani onyesho la namna hiyo dhidi ya kuandika ujumbe wakati wa kuendesha.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliifahamu mashine hiyo akiwa Ubelgiji, alikoihudumia kwenye maonyesho ya magari: kazi yake ilikuwa kurekebisha kiti, kufuta miwani kwa kitambaa chenye dawa, kumvisha mgeni na kumshika bega asianguke anaposhuka. Lakini elimu ya kuutazama umati hakuipata huko. Aliipata miaka mingi kabla, akiwa kijana msaidizi wa vipaza sauti kwenye malori ya matangazo yaliyokuwa yakishuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, inayofuata ukingo wa ziwa na kufika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 75, kisha Nyanza-Lac, na hatimaye mpaka wa Tanzania huko Mugina.

Lori la matangazo, ambalo wenyeji wengi huliita karavani, ndilo babu halisi wa simuleta katika mwambao huu, kwa kuwa lilifanya kazi ileile ya kuipa bidhaa mwili na sauti. Liliwahi kubeba bia, sabuni, na baada ya simu za mkononi kuenea, laini za simu. Ushindani ulipamba moto zaidi tangu 2015, Lumitel ilipoingia sokoni na kukuta kampuni nyingine zimekwisha kujikita. Ubao wa nyuma uligeuzwa jukwaa, vipaza sauti vikapangwa hadi usawa wa paa la kebini, jenereta ikafungwa nyuma ya dereva, na wachezaji wawili watatu wakapanda wakiwa wamevaa fulana za rangi ya chapa. Wasimamizi kutoka mjini walipanga ratiba kwa kufuata mishahara ya mwisho wa mwezi, wakashangaa kwa nini siku nyingine uwanja ulijaa watoto watupu. Mwambao una kalenda yake. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, huvua usiku kwa taa, na mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri mwezi unapokuwa mpevu, kwa hiyo katika wiki ya mbalamwezi mitumbwi mingi hulala ufukweni na wanaume hushinda mjini wakitafuta la kutazama. Giza linaporudi wanaume hao hulala mchana, na fedha ndiyo inayozunguka, mikononi mwa wanawake wanaonunua na kuanika. Anayetaka watu wa kutazama huja wakati wa mwezi, na anayetaka wanunuzi huja wakati wa giza. Mwandishi hakumbuki ratiba hata moja iliyotengenezwa kwa kulijua hilo, ingawa kila mama muuza samaki pale bandarini angeweza kulieleza kwa pumzi moja.

Umati wa karavani haukuja kupokea fulana peke yake, japo fulana ziligombaniwa. Ulikuja kumtazama mtu wa kwao akipandishwa jukwaani, akiulizwa maswali, akikosea, akichekwa, akishinda. Mtu mmoja alishiriki na mia tano wakashiriki kupitia kwake, na kiungo kati yao kilikuwa mshereheshaji, ambaye kule Rumonge alilazimika kuhama kutoka Kirundi hadi Kiswahili na kurudi katika sentensi moja, kwa sababu mji huo, kwa biashara yake na Kigoma na ng'ambo ya Kongo, na kwa jamii yake ya Waislamu ya siku nyingi, umezoea lugha zote mbili sokoni.

Simuleta ya uhalisia pepe inakiuka utaratibu huo tangu mwanzo. Mshiriki anazibwa macho na mara nyingi masikio pia, anaingia mahali ambapo wenzake hawaoni, na kwao anabaki kuwa mtu aliyekaa kwenye kiti akipindapinda shingo. Hesabu yake nayo ni kali. Ikiwa safari moja ni ya dakika 3, na kumvisha mtu, kurekebisha kiti na kufuta miwani huchukua dakika 2 nyingine, mashine moja itahudumia watu 12 kwa saa, nao ni 72 kwa siku ya saa 6 isiyo na hitilafu yoyote, jambo ambalo halipo. Kwenye majumba ya maonyesho ya Heysel mjini Brussels hesabu hiyo inavumilika, kwa kuwa aliyechoshwa na foleni anaondoka kwenda kutazama magari mengine. Kwenye uwanja wa mpira wa Rumonge, ambako hakuna kingine cha kutazama na watu elfu moja wamekwisha kukusanyika kwa sababu ya sauti ya muziki, watu 72 ni sawa na kutohudumia mtu. Skrini kubwa ya nje inayoonyesha anachokiona dereva husaidia kidogo, lakini picha hiyo hurukaruka kila anapotikisa kichwa, na mtazamaji huchoka macho upesi. Kinachosaidia zaidi ni kile ambacho lori la matangazo lilikuwa nacho: mshereheshaji anayemjua aliye kitini, au anayejifanya kumjua, na anayeusimulia mwendo wake kama mtangazaji wa mpira. Kampuni zinazokodisha vifaa hivi huwa tayari kugharimia kompyuta yenye kadi ya picha ya bei kubwa kabla ya kumlipa msimulizi mzuri, na kwa maoni ya mwandishi hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Mambo ya hali ya hewa na umeme yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Lenzi za miwani hufanya kazi kama kioo cha kukuzia, na miwani ikiachwa imeelekea jua hata kwa muda mfupi, miale hukusanywa juu ya skrini na kuiunguza alama isiyofutika; tena miwani inayojiongoza kwa kamera zake yenyewe hupotea mwelekeo katika jua kali na katika giza, hivyo hema lenye kivuli kizito ni sharti. Joto la ufukweni, ambako ziwa liko karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, huleta jasho na ukungu kwenye lenzi, na sifongo iliyoguswa na nyuso nyingi bila kufutwa huweza kusambaza maradhi ya macho. Mabinti wenye hijabu na kina mama waliosukwa nywele zikasimama juu hawapaswi kuombwa wavue au wafumue chochote; mkanda hulegezwa, na mwanamke mwenzao huwavisha. Watengenezaji wenyewe huweka umri wa chini wa kuvaa vifaa hivi, na kwa miwani ya Meta ilikuwa miaka 13 hadi kampuni hiyo ilipouteremsha kufikia 10 mwaka 2023 kwa usimamizi wa wazazi, ilhali umati wa kwanza kufika kwenye tamasha lolote la mwambao ni watoto walio chini ya hapo, ambao lazima wapangiwe jambo jingine mapema. Kuhusu umeme, jenereta ni lazima, na jenereta hunywa mafuta. Burundi imepitia miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta ya magari, madereva wakilala kwenye foleni za vituo, na chapa itakayowasha jenereta ili watu waigize kuendesha wakati magari yao yamekauka inapaswa kujiandaa kwa utani mkali, kwani watu wa Rumonge hawana simile na kichekesho kinachojileta chenyewe.

Kichefuchefu kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ziwa lina jambo la kumfundisha fundi. Mwili hutambua mwendo kwa macho na kwa kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio, na taarifa za viwili hivyo zikipingana, tumbo huchafuka. Ndani ya simuleta macho husema gari linakata kona, wakati sikio linasema mtu amekaa tu; ndani ya boti, abiria aliyeinamia mzigo wake huona sakafu imetulia, wakati sikio linamwambia kwamba mawimbi yanampandisha na kumshusha. Ugomvi ni mmoja, umegeuzwa tu. Mabaharia wa ziwani humwambia abiria aliyeanza kupauka ainue macho atazame milima ya ng'ambo, na wabunifu wa uhalisia pepe wamefikia mbinu ya jamii hiyohiyo kwa kumwekea mvaaji kitu kisichoyumba mbele yake, kama vile dashibodi na fremu ya kioo cha mbele. Zaidi ya hapo huhitajika picha zisizopungua kama 90 kwa sekunde na ucheleweshaji, yaani muda kati ya kichwa kugeuka na picha kufuata, usiozidi takriban milisekunde 20. Barabara yenye kona nyingi huchafua moyo haraka kuliko iliyonyooka, na anayepanga safari ya dakika 3 kwa umati usiozoea hufanya vyema kuuanza mwendo polepole.

Jambo la barabara yenyewe ndilo lililomfanya mwandishi abadili fikra kuhusu kazi aliyokuwa akiifanya. Katika maonyesho fulani ya Ubelgiji alifika mzee wa Kirundi, dereva mstaafu aliyeendesha malori kwa miaka mingi kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac, akaketi, akavalishwa miwani, akawasha gari. Aliendesha kwa mwendo wa chini, akapiga honi kabla ya kila kona, akapunguza mwendo kila alipokaribia nyumba, na mara mbili alisimama kabisa akatazama pande zote. Muda ukaisha kabla hajafika nusu ya njia, na mashine, iliyotengenezwa kuhesabu sekunde, ikampa alama za mwisho siku ile.

"Mwanangu," alisema akivua miwani, "barabara hii haina watu."

"Ni mchezo tu, Mzee," mwandishi alimjibu.

"Mchezo wa nani, kama wenye barabara hawamo?"

Aliyeipita barabara ya namba 3 ataelewa alichokitafuta mzee yule. Kati ya Kabezi na Magara barabara imebanwa baina ya milima inayoporomoka na maji. Machi 2015 udongo ulioshuka Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, uliua watu na kuwaacha wengi bila makao, na katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda likafika mahali palipokuwa nyua za nyumba. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Lami njema huongeza mwendo, lakini haipunguzi wanaoitumia njia kwa miguu. Ukingo wa barabara ni soko la samaki wa mukeke na ndizi, ni njia ya wanafunzi, ni mahali pa kupitisha baiskeli zilizosheheni madumu ya mawese kutoka kwenye mashamba ya michikichi, na kwa wengi ni ua wa mbele wa nyumba. Dereva wa mwambao huendesha kwa kuwasoma watu hao, na programu za mashindano ya magari, zilizonakili viwanja vya mbio ambavyo kazi yake ni kuwaondoa watu njiani, haziwezi kumpima.

Lipo pia suala la upande. Burundi, kwa urithi wa utawala wa Kibelgiji, huendesha kulia, na Tanzania, kwa urithi wa Waingereza, huendesha kushoto, hivyo dereva anayevuka Mugina kwenda Manyovu hubadili upande palepale mpakani. Lakini magari mengi yanayoingia Burundi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, na Toyota Probox zinazofanya kazi ya teksi ni mfano unaoonekana kila mahali. Usukani wake uko kulia, ambako katika barabara ya Burundi ni upande wa nje, na dereva anayetaka kulipita lori haoni kinachokuja. Anayeona ni aliyekaa kushoto kwake, awe abiria au konvoyeri, yaani msaidizi wa gari, naye ndiye husema njia iko wazi au bado. Kulipita gari jingine, tendo ambalo vitabu hulieleza kama uamuzi wa dereva, hapa hufanywa na watu wawili wanaoaminiana. Mtengenezaji akitaka kuileta simuleta Rumonge ikiwa na usukani upande ambao wenyeji wengi wameuzoea, atalazimika kuweka kiti cha pili na miwani ya pili, na bila kukusudia atakuwa ameongeza maradufu idadi ya washiriki na kuupa umati mazungumzo ya kusikiliza, kwa maana konvoyeri hasemi kwa sauti ndogo.

Hayo yote hukutana mahali pagumu zaidi, napo ni kwenye pombe. Chapa yenye nguvu kuliko zote katika hafla za Burundi ni ya bia: Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo Heineken ina hisa nyingi na serikali ina sehemu, hutengeneza Primus na Amstel, na ligi kuu ya mpira ya nchi imewahi kubeba jina la Primus. Kampuni za vileo duniani zimeupenda uhalisia pepe kwa sababu unaziruhusu kusema juu ya ulevi barabarani bila kuacha kutaja jina la kinywaji. Mwaka 2016 Heineken iliingia katika mashindano ya Formula 1 ikitangaza kwamba anayeendesha asinywe kabisa, na mwaka huohuo Diageo ilitoa filamu ya nyuzi 360 iliyomweka mtazamaji ndani ya gari linaloelekea kwenye ajali iliyosababishwa na mlevi. Zipo pia simuleta zinazoiga ulevi wenyewe, kwa kuchelewesha usukani na kufifisha kingo za picha. Mwandishi aliwahi kuihudumia moja, na alichokiona ni kwamba aliyevaa miwani mara nyingi alitoka ameshtuka kweli, lakini waliosimama nje, ambao kwenye skrini waliona gari likiyumba na kugonga, walicheka na kupiga makofi, na kadiri foleni ilivyosonga vijana wakawa wanagonga makusudi ili washangiliwe. Onyo lilimfikia mtu mmoja, na wale thelathini waliomzunguka wakaondoka na kichekesho.

Tatizo hilo linatokana na mahali ilipowekwa kamera. Skrini ya nje huonyesha macho ya dereva, na kwa dereva ajali ni kishindo cha kuburudisha kinachokoma bila maumivu. Katika programu ya simuleta, hata hivyo, kamera ni kitu cha kuhesabiwa tu, na kompyuta ileile inaweza kuichora barabara kutoka mahali pengine popote kwa gharama ndogo ya ziada. Kama siku moja kampuni itaifungua mashine hii Rumonge, skrini inayoutazama umati ingefaa ionyeshe barabara kwa macho ya aliye ukingoni: urefu wa mtoto wa shule pale Minago, kwenye barabara hiyo ya namba 3, au wa mama aliyeinama juu ya beseni la ndagala, anayeliona gari likitokea kwenye kona na asiyejua kama aliye ndani amemwona. Dereva ataendelea kuona dashibodi yake na umati utaona gari linavyokuja. Alama nazo zihesabiwe kwa watu waliopishwa salama, na sekunde zibaki kuwa za kuamua pale wawili wanapolingana. Mshereheshaji atakuwa na la kusimulia, kwa sababu kila mtu uwanjani atakuwa amekwisha kusimama mahali hapo, na kijana atakayegonga makusudi atawagonga wale wanaomtazama.